Gari la Mama Mkwe Linanuka Petroli

Jumatatu, 9 Juni

Mke wangu bado yuko kwa mama yake. Nyumba imepoa. Asubuhi nilijikuta nimepika chai ya watu wawili. Nikainywa yote, nikaumwa tumbo.

Sababu ya kuondoka kwake naiandika kwa haki, maana humu sina wa kumdanganya. Nilichomoa mota ya cherehani yake nikatengenezea mashine ya kutotolea vifaranga. Mota ilikuwa ya kugeuzia mayai. Nilikusudia kumwambia! Nilikuwa nasubiri vifaranga watoke kwanza, ili habari mbaya na habari njema zifike pamoja. Mayai yakaiva. Hayakuanguliwa, yaliiva, ya kumenya na kula. Yeye akakaa kwenye cherehani, akakanyaga, kimya. Akaniuliza mota iko wapi. Nikasema nimeipeleka kwa fundi isafishwe. Wakati huohuo mota ilikuwa inanguruma chini ya kitanda.

Basi leo nimekwenda ukweni kusalimia, yaani kuomba. Nikamkuta mama mkwe kasimama nje, kalifungua gari lake milango yote minne. Linanuka petroli. Na kwenye dashibodi imewaka taa ya njano, ile yenye picha ya injini. Ijumaa ana ukaguzi wa gari. Akasema kesho atampelekea Mashine.

Mashine! Ndivyo mtaa unavyomwita fundi wa gereji ya kona. Ovaroli yake imepigwa pasi. Cheti chake kimetundikwa ukutani, na pembeni yake picha yake mwenyewe akipokea hicho cheti. Ana mashine ya kupuliza moshi ndani ya gari ili paonekane panapovuja, na anaitaja kabla hujamaliza kumsalimia. Ndiye aliyeleta posa kwa mke wangu kabla yangu. Walimkataa kwa sababu ana maneno mengi. Sasa naona mama mkwe anayakumbuka yale maneno kwa wema.

Nikajisikia nasema, mama, niachie mimi. Kwani mimi kazi yangu nini? Idara ya maji, kitengo cha kutafuta mabomba yanayovuja chini ya ardhi. Naweka nondo barabarani, naweka sikio juu ya nondo, naonyesha kwa kidole: chimbeni hapa. Maji yanavuja, petroli inavuja, tofauti ni harufu tu.

Mama mkwe akamtazama mke wangu. Mke wangu akaweka chini nguo aliyokuwa anashona kwa mkono. Kwa mkono, Mungu wangu.

"Sawa," akasema. "Nataka nikuone umeanza jambo moja ukalimaliza, na katikati hukunidanganya. Ukiweza hilo, Jumamosi narudi nyumbani."

Mama mkwe akanipa ufunguo taratibu, kama mtu anayempa mtoto glasi.

Jumanne, 10 Juni

Kazini nimesema mama mkwe anaumwa. Si uongo kamili, gari lake linaumwa.

Nimesoma mpaka macho yameniwasha. Kumbe mvuke wa petroli hauachwi ukapotea hewani. Unatoka kwenye tangi, unapita kwenye mipira myembamba, unahifadhiwa kwenye kopo lenye mkaa, halafu injini inauvuta na kuuchoma. Mpira ukitoboka hata tundu la sindano, gari lenyewe linatambua na kuwasha taa. Laiti mabomba ya mji yangekuwa na adabu hiyo.

Gari nililileta kwangu jana ileile, na leo nimelala chini yake na nondo yangu. Nikasikiliza. Kimya. Nikasikiliza upande wa pili. Nikasikia redio ya jirani. Nikachanganya sabuni na maji, nikapaka mipira yote niliyoifikia, nikasubiri mapovu. Hakuna povu. Sabuni ikanidondokea jichoni. Nikajikaza.

Mchana mama mkwe kapiga simu. Huyu ni mkunga mstaafu, nusu ya mtaa wamepita mikononi mwake, na hata wazee anawaongelesha kana kwamba hawajakatwa kitovu. Akauliza nimefika wapi. Nikasema nasikiliza. Akasema yeye naye amesikiliza matumbo maisha yake yote, lakini kabla ya kusikiliza tumbo alikuwa anamuuliza mwenye tumbo. Je, nimemuuliza mwenye gari harufu inaanza lini? Sikuwa nimemuuliza. Basi akaniambia mwenyewe: harufu inazidi kila anapotoka kujaza mafuta, na inazidi upande ule wa kujazia.

Nikamshukuru. Habari za aina hii huwachanganya wataalamu.

Nimegundua tatizo langu. Mfumo hauna presha. Kwenye maji, bomba lisilo na presha halionyeshi kitu. Kesho naleta presha.

Jumatano, 11 Juni

Siku ya ushindi! Karibu.

Alfajiri nimeazima kompresa ya idara, ile tunayozibulia mabomba yaliyojaa mchanga. Nimeiazima bila kumsumbua mkubwa wangu wa kazi, ana mambo mengi. Nikaiunga kwenye mpira mmoja kule kwenye injini. Nikafungua kidogo. Kidogo yangu mimi, ya mtu wa maji.

Pu! Kitu kikaruka huko chini. Nikafunga. Nikafungua tena kuhakikisha. Pu! Kingine.

Nikapaka sabuni. Mapovu! Kule yanachemka, huku yanachemka, na pale karibu na tangi yanatoka manene kama ngumi. Jana sikupata hata mvujo mmoja, leo nimepata mitatu. Hii ndiyo faida ya utaalamu. Nikacheka peke yangu chini ya gari mpaka nikagonga paji la uso.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikaziba kwa gundi ya mabomba, nikafunga tepu, nikabana klipu za idara. Kazi safi. Ungedhani ni bomba la mtaa.

Nikiwa namalizia, nikaona viatu vinang'aa. Mashine. Akasema alikuwa anapita tu. Nyumba yangu haiko njiani kwa mtu yeyote anayepita tu. Akaitazama kompresa, uso ukambadilika. Akaanza kueleza, na akianza haishi: kwamba mfumo huu unapimwa kwa nguvu ndogo sana, ndogo kuliko pumzi ya mtu anayepoza chai, na kwamba mashine yake inapuliza moshi polepole, nayo ina geji mbili, na imetoka mbali, na geji ya pili inang'aa gizani. Akasema nimpelekee gari, kwa heshima ya mama yetu.

Mama yetu! Nikamwambia hali imedhibitiwa. Akaondoka kwa hatua ndefu ili asichafue suruali.

Jioni nikafungua mlango wa gari. Harufu iko palepale. Hapana, imeongezeka.

Nimekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, nimeshika kichwa. Nimechoka. Ningekuwa peke yangu duniani ningelia, lakini jirani alikuwa anaanika nguo.

Alhamisi, 12 Juni

Niliamka na neno moja kichwani: moshi. Kama Mashine anaweza, mimi nina nini?

Nikachukua kopo la rangi, nikalisafisha, nikatia trei za mayai zilizobaki kutoka kwenye mradi ule mwingine, nikamwagia mafuta ya kupikia, nikawasha. Mimi si mjinga. Kopo nililiweka mbali kabisa na gari, kwenye kona ya uwanja, nikavuta moshi kwa mpira mrefu wa kumwagilia na pampu ya baiskeli, nikauingiza kwenye mpira uleule wa injini. Nikapiga pampu mpaka bega likafa ganzi.

Na ikatokea! Chini kabisa, nyuma, karibu na lile kopo la mkaa, kuna kibomba kidogo kimekaa wazi. Wazi kabisa, hakina kifuniko, hakina kitu. Moshi ukawa unamwagika pale mzito, ukajaa uvungu mzima wa gari, ukanifunika mimi mwenyewe. Mahali pengine sikuona kitu, wala sikuwa na haja ya kuona. Kilikuwa wazi tangu siku ya kwanza! Mafundi wote waliowahi kuligusa gari hili hawakukiona! Watu wanatundika vyeti ukutani, na bomba liko wazi.

Nikatia plagi, kile kizibo cha bomba la nusu inchi. Nikazungusha tepu. Nikafunika yote kwa gundi. Nikalala pale chini kidogo nikikiangalia. Machozi yalinitoka. Nusu yake ni moshi.

Halafu taa. Nikachomoa waya wa betri, nikanywa chai, nikarudisha. Taa imezima. Imezima! Nikapiga dashibodi busu.

Mke wangu kapiga simu. Akauliza kama nimepata. Nikasema nimepata. Akauliza nimepataje. Nikamweleza trei za mayai na pampu ya baiskeli, akacheka. Kicheko chake kile cha kuanzia puani. Nilikuwa sijakisikia tangu mayai. Akauliza kama kuna kitu kingine anachotakiwa kujua.

Nikafikiria kompresa. Nikafikiria ile pu na ile pu nyingine. Nikaona, kwa nini nimharibie jioni?

Nikasema hakuna.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwisha.

Asubuhi nilivaa shati jeupe. Nikawachukua mama mkwe na mke wangu, maana mke wangu alisema naye anakuja aone. Alikaa nyuma. Nikimtazama kwenye kioo alikuwa ananitazama vizuri. Harufu ilikuwepo kidogo, nikashusha vioo, nikasifu hali ya hewa.

Kwanza kituo cha mafuta. Mshale ulikuwa chini kabisa. Mhudumu akachomeka, akabonyeza, pampu ikakata. Ta! Akabonyeza tena. Ta! Akasema tangi limejaa. Nikamwonyesha mshale. Akabonyeza. Ta! Petroli ikamrukia kwenye mkono. Nyuma yetu watu wakaanza kupiga honi. Nikamwambia pampu yake mbovu, tukahamia nyingine. Ta! Ikabidi amimine polepole kama anayempa mgonjwa dawa, mpaka tukapata ya kutufikisha tu. Mama mkwe alikuwa amekunja mikono. Mimi namjua.

Kwenye ukaguzi, mkaguzi akachomeka kifaa chake chini ya usukani. Akasoma. Akauliza nani alichomoa betri. Nikasema kwani vipi. Akasema kumbukumbu ya gari imefutwa, gari halijapata muda wa kujikagua, liendeshwe siku kadhaa ndipo lirudi. Hakuna stika. Nikauliza kama hawezi kuamini macho yake, taa si imezima? Akaniambia nisogeze gari, kuna watu wanasubiri.

Tukiwa njiani kurudi likaanza kukohoa. Likashtuka, likanyong'onyea, likafa katikati ya njia panda. Nikazungusha ufunguo. Likalia kidogo, likanyamaza. Tukalisukuma pembeni, mimi na shati langu jeupe, na watu wawili waliokuwa wanacheka.

Mama mkwe akashuka. Akazunguka nyuma, akafungua kifuniko cha tangi la mafuta. Fyuuuuu! Gari zima likavuta pumzi ndefu, na tangi likagonga ndani kama debe. Mama mkwe akabaki amesimama na kifuniko mkononi.

"Hili limezibwa pumzi," akasema. "Mtoto akitoka na sauti hii hatumuulizi baba yake. Tunamkimbiza kwa daktari."

Akampigia Mashine.

Sina nguvu ya kueleza gereji. Alilipandisha gari juu, akaleta ile mashine yake, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo. Akapuliza. Moshi mwembamba ukaanza kutoka. Kwanza kwenye shingo ya kujazia mafuta, ufa mdogo kama unywele umejificha kwenye kutu. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe, akasema. Hapo ndipo harufu ilipokuwa inatoka, tangu mwanzo, palepale mama aliposema. Kisha ukatoka kwenye mpira uliochanika, na wa pili uliochanika, na kwenye mdomo wa lile kopo la mkaa uliopasuka. Halafu akavuta kitu chini kwa koleo, akakiweka juu ya meza.

Plagi yangu. Na tepu yake. Na gundi yake.

Akaeleza, safari hii kwa sauti ya chini, na hilo liliniumiza zaidi. Akasema kibomba kile hakikusahauliwa na mtu. Kimewekwa wazi makusudi, ndipo gari linapovutia hewa. Ukikiziba, mafuta hayaingii, na yaliyomo hayatoki. Akasema mipira nayo haikuchakaa, imepasuliwa kwa presha. Gari lilikuja kwake na ugonjwa mmoja na majeraha manne.

Plagi ina muhuri wa idara ya maji. Niliuona kutoka nilipokuwa nimesimama. Na wao wote waliuona.

Mke wangu akanigeukia. Hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Ni wewe?" akauliza.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, maneno mawili tu. Lakini Mashine alikuwa pale na ovaroli yake, na cheti chake nyuma yake, na ile picha.

Nikasema: "Panya."

Mashine akachukua kitambaa, akaanza kuifuta geji ya pili. Mama mkwe aliangalia plagi, akaniangalia mimi, akaangalia plagi.

"Mficha uchi hazai, mkwe wangu," akasema, akaenda kukaa nje.

Jumamosi, 14 Juni

Nilifagia nyumba nzima. Nilibadilisha shuka. Mota niliirudisha kwenye cherehani kwa mikono yangu, na inazunguka, ingawa kinyumenyume.

Akaja saa nne, kwa miguu. Hakuwa na begi. Nilipoona hana begi nikakaa bila kumkaribisha.

Akasema gari limepona, Mashine ameziba ule ufa na kubadilisha mipira, litarudi kwenye ukaguzi wiki ijayo. Nikasema vizuri. Akasema hakuja kuongelea gari. Akasema hata ningelichoma moto lile gari, mama yake angelia siku moja akasahau. Ningesema ni mimi, pale pale gereji, angekwenda kuchukua begi lake na tungerudi pamoja kwa miguu. Aliyasema haya akitazama mikono yake. Vidole vina alama za sindano.

Kisha akaniangalia. Akasema: "Basi niambie sasa. Tuko wawili tu."

Nilifungua mdomo. Nilitaka, naapa. Nampenda huyu mwanamke. Nikaanza vizuri kabisa, nikasema ukweli ni kwamba. Halafu nikaona macho yake yamejaa matumaini, nikaogopa kuyaharibu, na nikasikia sauti yangu inaendelea yenyewe: ukweli ni kwamba panya wa mtaa huu si wa kawaida.

Akaenda jikoni, akaosha vikombe vyangu vyote, akavipanga. Akasema atakuwa kwa mama yake siku nikiwa na la kumwambia. Akafunga mlango taratibu, kama ambavyo hufungwa kwa mgonjwa aliyelala.

Nimelia. Sioni aibu kuandika. Nimelia mpaka jirani amepunguza redio.

Jumapili, 15 Juni

Sikutoka kitandani mpaka jua lilipofika ukutani. Nilipitia kila kitu upya, neno kwa neno, bila kujihurumia. Mtu lazima ajikague. Lazima akubali kwamba tatizo liko ndani yake mwenyewe na si kwa mama mkwe, si kwa Mashine, si kwa mkaguzi.

Na nimeliona kosa langu. Liko wazi, sijui nililikosaje. Nilimtaja panya bila kuwa na panya! Nani angeniamini? Hata mimi nisingeniamini. Mke wangu si mtu mgumu, anachotaka ni kuona. Alisema mwenyewe, siku ile ya kwanza: nataka nikuone.

Nimeazima mtego kwa jirani. Mchana umenasa mmoja, mnene, ana meno ya kuheshimika. Yuko ndani ya kopo la rangi na nimemfunika vizuri, nikamwachia tundu la hewa. Nimeshapiga simu ukweni kusema naja jioni, nina la kumwambia. Mke wangu alipokea mwenyewe. Sauti yake ilitetemeka kwa furaha. Akasema atanisubiri mlangoni.

Kilichobaki ni kumpaka gundi ya mabomba kidogo kwenye meno.